Muvi za kuangalia nyumbani: ya DJ, ya maandishi au iliyoingizwa sauti za Kiswahili? Nyie kwenu mnaweka ipi

Kemondo_Bay

Wakuu habari za jioni. Naleta uzi ambao wengine mtaona wa kitoto lakini kwangu umeshaleta kesi ndani ya nyumba. Bi mkubwa wangu, yaani mama yangu mzazi, kaja kutoka Bukoba, yuko hapa Tabata mwezi wa pili sasa anatibiwa miguu, na jioni tukishakula tunakaa wote sebuleni, mimi, wife, binti yangu wa la tano na mdogo wake wa miaka sita. Bi mkubwa Kiswahili anakijua vizuri ila Kiingereza hapana, na macho yake kwa vitu vidogo yameshachoka. Mimi sasa ni mtu wa muvi, sio mchambuzi wala nini, napenda tu, wikiendi ikipita bila muvi mbili tatu naona kama sijapumzika.

Jumamosi iliyopita nikasema leo tuangalie kitu kikubwa wote, nikaenda kwa dogo anayejaza muvi pale stendi nikachukua Titanic iliyotafsiriwa, ile ambayo DJ anaongea Kiswahili juu ya muvi, mia tano tu, nikajua hapa nimemaliza kazi. Mwanzo safi kabisa, bi mkubwa anacheka, anashangaa huyu binti anamkataaje mwenye hela. Meli ilipoanza kuingia maji ndio DJ akanogewa. Watu wanaporomoka, meli imesimama wima kama mnazi, yeye anasema "konda rudisha chenji watu washuke", wale wanabendi wanaopiga muziki mpaka dakika ya mwisho yeye anasema hao wameahidiwa posho ya usiku. Watoto wanacheka, na mimi nilicheka nisiwadanganye. Kuja kugeuka, bi mkubwa hayupo. Kaenda kulala bila kuaga.

Kwa ambao hamjaelewa, kwetu ni Kemondo. MV Bukoba ilipozama tarehe 21 Mei 1996 ilikuwa imetoka Bukoba ikapita hapo Kemondo kuongeza watu na ndizi ikielekea Mwanza, na mdogo wake bi mkubwa alipandia hapo hapo. Mimi nilikuwa darasa la tatu.

Haya, wife anasema makosa ni yangu kuchukua ya DJ, nichukue yenye sabtaito, yale maandishi ya chini. Shemeji yangu anasema achaneni na muvi wekeni tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili kwenye king'amuzi. Nyie kwenu mnaweka ipi, hasa wenye wazee na watoto sebule moja?

kiti_cha_nyuma

Pole kwa bi mkubwa mkuu, hiyo imenigusa kweli. Ila naomba tusimchinje DJ kwa muvi moja. Unaenda kuchukua Titanic ya DJ ulikuwa unategemea nini? DJ ni wa ngumi na bunduki. Chukua Commando ya 1985, Schwarzenegger katekewa mtoto anaenda kumchukua, basi, hadithi yote imeisha hapo, maneno yenyewe ya kuhesabu na stelingi hafi, sasa pale DJ asipoongea utakaa unasikiliza nini, risasi? Mi nimekulia Tandika kwenye kibanda umiza, mabenchi hayana egemeo, turubai mlangoni, mtu akiingia na jua linaingia hamuoni kitu dakika nzima, na hakuna aliyekuwa anajua Kiingereza mle ndani lakini tulikuwa tunatoka kila mtu kaelewa nani kamsaliti nani.

Ukubwani nimekuja kuziangalia zile zile bila DJ, na Kiingereza sasa najua. Zimepooza kama chai ya asubuhi uliyoikuta saa nane mchana. Kuna adui mmoja DJ alimwita "baba mwenye nyumba" muvi nzima, mpaka leo yule mzungu nikimuona popote najua kaja kudai kodi.

Bila_Chumvi

Sabtaito tu. Mengine yote ni kuharibu kazi ya watu. Mtu kakaa miaka anatengeneza filamu, anachagua muziki wa kukutoa machozi, halafu mtu na maiki yake anakuja kukuambia habari za konda.

Mzee_wa_Deki

Vijana mnasema DJ, sisi tulisema Lufufu. Kapteni Mukandala. Wenzangu wa umri huu wakisikia hilo jina tu wanatabasamu. Lufufu alikuwa hatafsiri maneno matupu, alikuwa anakusimulia, huyu unayemuona hapa alishawahi kufanya hivi, huyu ni mdogo wake yule, sasa angalia jicho lake, sauti ya mtu mzima anayekukalisha chini akupe habari. Na chumvi alikuwa anatia, tena nyingi, ila ilikuwa chumvi ya msimulizi. Siku hizi kuna madogo wanatia chumvi ya mtu anayeogopa ukimya.

Mtakumbuka bara tulikuwa hatuna kituo cha tivii mpaka 1994, sasa kabla ya hapo mtaa mzima una deki moja, tena ya kukodi, kaseti nayo ya kukodi, mwenye nyumba anaweka ndani wageni wake wa heshima wakae kwenye makochi, sisi wengine dirishani. Mkanda ukikwaruza anatoka mtu kwenda kutafuta pamba na spiriti kusafisha hedi. Ya Kihindi, ya Kichina, ya Kizungu, yote tuliangalia bila kuelewa neno na kila mtu alikuwa na tafsiri yake, mnabishana mpaka kesho yake kijiweni. Kwa hiyo aliyekuja na maiki akasema nyamazeni niwaambie, huyo tulimpokea kama mkombozi.

BiMkunazini

@Mzee_wa_Deki bara mlingoja mpaka 1994, siye Unguja tivii ya rangi tunayo tangu miaka ya sabini mwanzoni, nakukumbusha tu kaka yangu usije ukasahau 😂

Miye naishi Maskati sasa mwaka wa kumi na moja. Huku filamu za Kihindi zinakuja na maandishi ya Kiarabu chini, wanangu wanayasoma haraka haraka, miye nusu nasoma nusu nakisia. Lakini n'kwambieni, mamangu hajui herufi moja ya Kihindi, wala hajapata kuwekewa DJ wala maandishi, na Mother India ile ya 1957 anayo kichwani yote. Aliiona senema akiwa msichana, sasa mjukuu wake kamuwekea kwenye simu. Pale Nargis anapomnyanyulia bunduki mwanawe mwenyewe wa kumzaa, mamangu anaanza kulia kabla bunduki haijanyanyuliwa. Utamtafsiria nini mtu kama huyo? Mama anamlenga mwanawe. Hakuna cha kutafsiri pale.

Kwa hiyo @Kemondo_Bay mwanangu, kabla hujatafuta DJ gani au maandishi gani, tafuta filamu ambayo macho yanatosha. Na hizo tamthilia za Kituruki za Kiswahili usinambie. Watu wa pale wanasema "Je, uko sawa?" "Ni nini kinachoendelea hapa?" Khaa! Nani anasema hivyo kwao? Kwetu mtu akikukuta umejiinamia anakwambia "Una nini weye?" basi. Kiswahili kile kimevaa kanzu ya kuazima, mikono inapita vidole.

Njoro254

Manze hii thread imenibamba. Huku Nairobi hatuna hizo maneno mingi, ni DJ Afro ama ulale. Mimi nilikuwa nawatch kwa base moja Kayole tukiwa watoto, ashu (kumi) unaingia, mbao (ishirini) unakaa mpaka jioni, na mpaka wa leo kwa mat za kwenda upcountry wakiweka DJ Afro hakuna mtu ananung'unika, hata wale wamama wa kanisa wanacheka wakiangalia dirisha ndio usiwashike.

Lakini @Kemondo_Bay pole sana kwa mathe. Hio ya kucheka watu wakizama hapana. Mimi nikiwa na cucu yangu naweka za kung fu pekee yake, mtu anapigwa anaamka anapigwa tena, hakuna mtu anaombolezewa.

kiti_cha_nyuma

@BiMkunazini sasa mama wewe unasema macho yanatosha, je muvi ya mahakamani? Watu wamekaa kwenye meza saa mbili wanaongea tu. Hapo macho yako yatakuambia nini zaidi ya kwamba wamevaa suti?

BiMkunazini

Hiyo siiangalii. Mahakama ninayo ya kutosha nyumbani kwangu.

MamaWawili

Nimesoma wote naona hakuna mwenye watoto anayeongea kama mwenye watoto isipokuwa mleta uzi 😄 Mimi kwangu nilipiga marufuku za DJ, sio kwa sababu ya Titanic ila kwa sababu ya matusi. Unaweka muvi ya mbwa na watoto, kifuniko kinaonyesha mbwa, unaingia jikoni kugeuza chapati unarudi unakuta DJ anaelezea maungo ya mama wa kwenye muvi. Mwanangu wa miaka minne akaenda kurudia lile neno shule. Mwalimu kaniita.

Nikahamia sabtaito. Faida ya kwanza sikuitegemea kabisa, huyu mkubwa alikuwa anasoma kwa kuvuta vuta, mwaka mmoja wa kukimbizana na yale maandishi sasa anasoma gazeti la baba yake mpaka matangazo ya misiba. Hasara ni kwamba sabtaito za Kiswahili ni za kutafuta kwa tochi, nyingi za Kiingereza, na hizo za Kiswahili unazozikuta nyingine zimetafsiriwa na mashine tu hakuna binadamu aliyezipitia. Tulikuwa tunaangalia ya vita, kamanda anaamuru wapige risasi, chini imeandikwa "Moto!" Mwanangu anauliza mama moto uko wapi. Mwingine kwenye redio anajibu kwamba kasikia kaelewa, imeandikwa "Nakili hiyo." Na bosi anamfukuza mtu kazi, imeandikwa "Umechomwa." Tulicheka kuliko za DJ.

Na mzee asiyeona vizuri sabtaito hazimsaidii, hapo nakubali. Hata ukikuza maandishi, Kiswahili maneno yetu marefu, mistari miwili inajaa skrini nusu na kabla hajamaliza wa kwanza yameshabadilika.

FundiMixer

Ngoja niingie kwa upande wa sauti maana ndio kazi yangu, narekodi kwaya na matangazo ya maduka, na kuna kipindi nilitafsiri muvi kama kumi hivi nikaacha.

Mjue kwanza DJ anafanya kazi na nini. Ana faili moja aliyoipata popote alipoipata. Ndani ya hiyo faili maongezi, muziki na milio vyote vimeshakorogwa pamoja kama uji, huwezi kutoa sukari peke yake. Kwa hiyo anachoweza ni kimoja tu, akiongea anashusha vyote, akinyamaza anapandisha. Ndio maana muziki mzuri wa muvi unaupata vipande vipande. Hao wanabendi wa Titanic mleta uzi aliosema, kile kipande chote kimebebwa na muziki, maneno karibu hakuna, sasa DJ akifungua mdomo pale kakizima chote. Sio roho mbaya, ni faili moja.

Kuingiza sauti kwa utaratibu ni kitu kingine. Mwenye filamu anatoa muziki na milio peke yake bila maongezi, hayo maongezi ya kwao yanawekwa pembeni, waigizaji wa Kiswahili wanaingia kibandani wanaangalia picha wanasoma mmoja mmoja, mtoto anaongea mtoto, bibi anaongea bibi. Ndio maana kwenye tamthilia za Kituruki mlango ukifungwa unausikia, hatua unazisikia, muziki haukatiki. Tatizo lao ni mdomo. Mturuki kafungua mdomo mara mbili, wewe unataka kusema "hatukumwambia", hapo zinahitajika silabi sita. Mtafsiri anahangaika neno litoshe kwenye mdomo, anaishia kuchukua Kiswahili ambacho hakuna anayekiongea, ndio hiyo kanzu ya BiMkunazini.

Na kitu cha tatu ambacho watu hawajui, kwa nini DJ haachi kuongea. Nilipokuwa nafanya, muvi yangu ya pili nilinyamaza sehemu ya huzuni kama dakika mbili. Wateja walirudisha. Wakasema flashi yako imekwama, DJ kakata. Mwenye duka akaniambia kijana hapa unalipwa kuongea. Ya tatu nikaongea mwanzo mwisho, mpaka mazishini nikatia utani, na ikauzika. Nilikuja kuiangalia nyumbani na mama yangu siku moja, ndio nikaacha.

Mzee_wa_Deki

@FundiMixer umeandika la maana.

Bila_Chumvi

Sasa si mnanithibitishia? Sabtaito inaacha sauti yote kama ilivyo, muziki uko pale, kilio cha mtu unakisikia kwa sauti yake mwenyewe, na unachosoma ndicho alichosema. Nimeangalia Parasite mara tatu, Kikorea sijui hata salamu, na hakuna kitu nilichokosa. Ilichukua Oscar ya filamu bora 2020, ya kwanza isiyo ya Kiingereza, dunia nzima ikiisoma chini. Niambieni DJ gani angeiweza ile.

FundiMixer

Mkuu umechagua mfano mbaya kweli, samahani 😂 Parasite hiyo hiyo. Kile chakula mama mwenye nyumba anachoagiza kwa simu kipikwe haraka, tambi na nyama ya ng'ombe juu, wewe ulisoma ram-don si ndio? Hakuna kitu kinaitwa ram-don Korea. Kwa Kikorea ni jjapaguri, wanachanganya tambi za pakiti za aina mbili. Aliyetafsiri, Darcy Paquet, aliona watu wa nje hawatalielewa akatunga neno lake. Na pale baba anamsifia binti yake kwa kughushi karatasi, anauliza hivi kuna kozi ya kughushi Oxford? Kwa Kikorea anataja Chuo Kikuu cha Seoul. Sasa hiyo chumvi ni ya nani?

kiti_cha_nyuma

😂😂😂 Kumbe mzee umewekewa DJ kimya kimya mara tatu

Bila_Chumvi

Sawa, hiyo nilikuwa siijui, nakubali. Lakini ile ni punje, nyie mnamwaga gunia.

Njoro254

@Bila_Chumvi ngoja nikuongezee. Wabongo wangapi hapa mmewatch Nairobi Half Life? Ile ya 2012. Imeongewa Kiswahili, Sheng, kidogo Kikuyu, kidogo Kizungu. Kuna msee wangu wa Arusha alikuja kwangu nikamwekea, nikajua huyu ni Mswahili hatahitaji kitu. Dakika kumi hivi ananiambia weka subtitles. Yaani Mtanzania anasoma Kizungu ndio aelewe Kiswahili ya Nairobi 🤣 Mimi kumtafsiria nikakuwa DJ Afro usiku mzima.

kiti_cha_nyuma

Hahaha huyo ni mimi kabisa, ile muvi nzuri sana ila nusu ya kwanza nilikuwa naelewa matusi tu. Na muvi zetu za Kibongo za zamani nazo zina sabtaito za Kiingereza, jaribuni kuzisoma siku moja mkiwa na nafasi. Mama analia "jamani mwanangu kaniponyoka" chini imeandikwa kitu kama mtoto kateleza bafuni.

JamaaWaKampala

Mimi Mhaya niko Kampala, @Kemondo_Bay jirani yangu wa ziwa, pole kwa mama, kwetu pia tulipoteza watu.

Huku ni VJ, VJ Jingo na wenzake, kwa Kiganda. Ile V na J kwao ni "video joker", maana yake wanakwambia kabisa tangu kwenye jina kuwa huyu ni mchekeshaji. Ukiweka umeshajua umenunua nini. Nyie huko mnasema "iliyotafsiriwa" mtu anakwenda na imani ya kupata tafsiri. Nafikiri ugomvi wenu wote unaanzia kwenye hilo neno.

MamaWawili

👆 Huyu kaongea

Mwenye_Haki_Yake

Nyote mnajadili ladha, hakuna aliyeuliza ruhusa. Muvi ya mtu huwezi kuitafsiri ukaiuza bila idhini yake, sheria ya hakimiliki yetu ya 1999 iko wazi, tafsiri ni haki ya mwenye kazi. Mnalialia Bongo muvi imekufa huku mia tano zenu zinaenda kwa dogo wa stendi.

kiti_cha_nyuma

Mkuu uko sahihi, sibishi. Ila niuzie basi wewe ya halali yenye Kiswahili ambacho bibi yangu atacheka, niko tayari kutoa hata elfu tatu. Haipo. Dogo wa stendi anauza kisichokuwepo dukani.

Kemondo_Bay

Wakuu nimesoma yote, ahsanteni, na JamaaWaKampala ahsante sana. Nimejaribu wiki hii nawaletea ripoti.

Jumatatu niliweka tamthilia ya Kituruki. Bi mkubwa alikaa mpaka mwisho, alipenda. Huyu tangu zamani anapenda hizo, ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake iliyokuja TBC 2011 alikuwa anaifuata mpaka kwa jirani umeme ukikatika kwake, na siku rais Xi Jinping alipokuja Dar Machi 2013 akaitaja kwenye hotuba bi mkubwa alinipigia simu kama vile katajwa yeye. Kwa hiyo shemeji yangu kashinda raundi hiyo. Ila mimi nilisinzia, na binti yangu akasema baba mbona huyu bibi ana sauti ya yule mama wa tamthilia ya juzi.

Jumatano nikaweka sabtaito za Kiingereza, ya vichekesho. Wife na binti wanacheka, bi mkubwa anacheka akiona wenzie wanacheka, anauliza kasemaje, wife anamwambia, wakati huo imeshapita nyingine. Tukachoka wote. Halafu maandishi yalikuwa yanachelewa, mtu kashafungua mlango katoka ndio inaandikwa "karibu ndani".

FundiMixer

Hiyo ya kuchelewa ndogo sana. Kama unatumia VLC kwenye laptop bonyeza G au H inasogeza maandishi mbele au nyuma kidogo kidogo mpaka yakae. Kwenye tivii kwa flashi hakikisha faili la maandishi lina jina lile lile la muvi, herufi kwa herufi, na yako folda moja, la sivyo tivii haitayaona. Na flashi zile za FAT32 hazipokei faili moja kuzidi GB 4, watu wanakuja kwangu kila siku wanasema flashi mbovu.

Kemondo_Bay

Ahsante fundi. Nimefanya hivyo na yamekaa.

Sasa jana Jumamosi. Nilikuwa sijapanga kuirudia Titanic kabisa, nilitaka kuifuta. Bi mkubwa mwenyewe ndio kaniuliza tukiwa tunakula, "ile meli yenu iliishia wapi?" Nikamwambia mama ile tuiache. Akasema "sijakuuliza kama tuiache."

Basi nikatafuta isiyo na DJ, yenye sabtaito za Kiingereza, nikaanza kupanga kichwani nani atamtafsiria, saa tatu na zaidi hiyo muvi. Kabla sijasema kitu binti yangu kashakaa pembeni ya bibi yake kwenye mkeka, kajiegemeza, anamsomea. Kiingereza chake cha shule, anachokijua anasema, asichokijua anaruka. "Bibi anasema hataki kuolewa. Bibi huyu kakasirika. Bibi hapa wanaongea mambo ya boti za kuokolea, zipo chache hazitoshi watu wote." Bi mkubwa akaguna tu pale.

Meli ilipogonga barafu mimi sikuwa naangalia tivii tena, naangalia wao. Mtoto akaendelea, bibi wanasema wanawake na watoto kwanza, bibi huyu baba anamuaga mwanae. Ikafika wanabendi, wale wanaanza kupiga tena, muziki wote uko pale wakuu, sikuwahi kuusikia kule kwa DJ. Mtoto akafungua mdomo aseme kitu. Bi mkubwa akamshika mkono akamwambia, "Hapo usiniambie, naona."

Wakanyamaza wote wawili mpaka maji yakatulia. Kwa kweli hata yule mdogo wa miaka sita alinyamaza, sijui alijuaje.

Baadaye akaanza kusimulia, mambo ya mdogo wake, kwamba siku ya safari alikuwa amempikia senene za kupeleka Mwanza na akazisahau mezani. Mimi mtoto wake miaka yote hii sijawahi kuisikia hiyo ya senene. Tukakaa mpaka saa saba usiku, umeme wa luku ukaisha tukaendelea gizani.

Mzee_wa_Deki

Mungu amrehemu.

BiMkunazini

Nimelia huku Maskati nikiwa kazini. Mpe mkono mama, mwambie Bi Mkunazini anamsalimu.

Njoro254

Huyo mtoi anafaa alipwe. Cheki vile ameshinda madijei wote 🙌

kiti_cha_nyuma

Nimekubali kushindwa na mtoto wa la tano. Ila Commando bado niachieni.

Kemondo_Bay

Salamu zimefika, kasema na yeye anakusalimu na anauliza wewe ni wa nani. Halafu Jumamosi hii anataka ya Kihindi, kasikia namsomea habari za Mother India, kwa hiyo @BiMkunazini niletee majina matatu manne ambayo macho yanatosha, na @FundiMixer kama zinazidi hizo GB 4 nakuletea flashi uifanyie maarifa, niko hapo Tabata Relini.